Tusifute, Tugawe

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo linalotugombanisha katika chumba cha kompyuta. Ninyi wanafunzi wa zamani mlituletea kompyuta kumi na mbili zilizokwisha kutumika, nasi twawashukuru sana. Walakini zote zatumia Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa uzee wao haziwezi kupokea Windows 11. Basi wenzangu wamegawanyika. Kundi moja lasema, "Futeni yote, tieni Linux." La pili lasema zisiguswe kabisa, kwa sababu mtihani wetu wa vitendo twaufanya kwa Word na Excel.

Mimi naona makundi yote mawili yamekosa. Diski moja yaweza kugawanywa ikachukua zote mbili, na mtu akiwasha kompyuta huulizwa ataingia upande gani. Linux si kitu cha kuogopwa. Aliyeianza mwaka 1991 ni Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, umri wake miaka 21. Na ile iitwayo Ubuntu, ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilitoka mwaka 2004. Hata jina lake ni ndugu wa neno letu utu.

Lakini hao wanaosema "futeni" wanitia hofu, nami nina sababu. Likizo ya Pasaka, huko kwetu Busia, mama mdogo aliniazima kompyuta yake. Nilipofika penye swali kama nitie Linux kando ya Windows ama nifute diski yote, nikabonyeza la pili bila kusoma vizuri. Kwa dakika chache hesabu za chama cha akina mama, za miaka miwili, zikatoweka. Mama mdogo hakunigombeza. Alinipa daftari na kalamu, akasema, "Mwanangu, utapita nyumba kwa nyumba, umwulize kila mama alikwisha toa kiasi gani." Nikapita siku tisa. Bibi mmoja aliniuliza kama hayo ndiyo tunayofundishwa shuleni. Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo nashauri kila faili inakiliwe kwanza katika diski ya nje, kisha Windows yenyewe ndiyo ipunguze sehemu yake, maana yajua mambo yake yalipolala. Ule mtindo wake wa kuwaka upesi uzimwe, kwani huiacha diski nusu usingizini, na Linux haiwezi kuandika humo kwa salama. Windows itangulie, Linux ifuate. Ukigeuza, Windows huukalia mlango na mwenzake hapati pa kuingilia. Diski zetu za gigabaiti 500 Windows huzihesabu kuwa 465. Naona 150 zaitosha Windows, 60 Linux, na zilizobaki ziwe ghala ya maandishi yetu kwa mtindo wa NTFS, ambao pande zote mbili husoma. Tena msishangae mkiiona saa ya Windows imerudi nyuma saa tatu: Linux huweka saa za Greenwich ndani ya mashine, na Windows hudhani ni za hapa. Amri moja tu hulitengeneza jambo hilo.

Kompyuta kumi na moja zaweza kuanzwa hata kesho, mwalimu akikubali. Ile namba 7 imefungwa kwa BitLocker, yadai ufunguo wa tarakimu 48, na aliyeileta hatumjui. Wenzangu wataka ifutwe. Mimi nimewaomba wangoje, kwa kuwa huenda ndani mna picha au hesabu za mtu. Ni ya kijivu, na kibodi yake imepoteza herufi ya Q. Kama ilikuwa yako, tafadhali tuandikie kabla ya mwisho wa muhula.