Kompyuta Tuliyoiunganisha Mezani

Mama mwenzangu, huku Mpanda mvua zimekwisha, vumbi limeanza, na kila asubuhi tunafuta meza ambayo jioni tulikuwa tumeifuta.

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hudhani si la akina mama, yaani kuunganisha kompyuta ya nyumbani kwa mikono yetu wenyewe. Tafadhali usifunue ukurasa unaofuata. Mimi si fundi. Nakuandikia kama mama aliyepoteza fedha kwa kompyuta ya kwanza, akajifunza kwa ya pili.

Kompyuta ya kwanza

Miaka mitatu iliyopita nilipokea mgawo wangu wa kikoba. Nilitaka kuanzisha kazi ya kuchapa barua na kutoa nakala karibu na shule. Nikanunua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika, nikaichomeka ukutani moja kwa moja bila kinga yoyote. Kwa miaka mingi mji wetu ulipata umeme wa majenereta ya dizeli, na sote tulizoea kuuona ukikatika na kurudi. Jioni moja ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Tulisikia mlio mmoja kama bisi inapopasuka, kisha harufu ya kitu kilichoungua. Kompyuta haikuwaka tena.

Lakini kulikuwa na jambo baya zaidi. Sikuwa nimemwambia baba watoto bei yake ya kweli. Nilimtajia nusu tu. Basi aliponiambia, "Pole, mama watoto, afadhali hasara yenyewe si kubwa," niliitikia, nikaenda jikoni. Kesho yake niliifunika ile kompyuta kwa kanga kuukuu, nikaiweka stoo. Ikakaa huko karibu miaka miwili, na kila nilipoingia kuchukua unga niliiona.

Ombi la binti

Mwaka jana binti yetu, ambaye yuko kidato cha tatu na anasoma somo la kompyuta, alinijia nikichambua mchele. "Mama, naomba niifungue ile kompyuta ya stoo."

Nikamwambia asiiguse.

"Mama, si imekwisha kuharibika? Nitaiharibu nini tena?"

Sikuwa na jibu. Nikampeleka kwa baba yake.

Baba watoto naye alisita. Yeye ni wa rika lililokua bila vitu hivi. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, na hata baada ya marufuku hiyo kuondolewa, kwa watu wengi wa mikoani kompyuta ilibaki kuwa mali ya ofisi, kitu cha kuangaliwa kwa mbali. Mwishoni alisema, "Sawa. Lakini kila shilingi iandikwe kwenye daftari."

Binti alileta daftari jipya papo hapo. Juu ya ukurasa wa kwanza akaandika: Gharama za Kompyuta. Kisha akaniuliza mbele ya baba yake, "Mama, ile ya kwanza ilinunuliwa kwa shilingi ngapi? Tuanze na hiyo."

Mama mwenzangu, nilihisi joto usoni. Ningeweza kurudia uongo ule ule. Lakini nilimtazama mtoto aliyeshika kalamu akingoja, nikataja bei ya kweli. Baba watoto alinyamaza kwa muda. Kisha akamwambia binti, "Iandike." Usiku watoto walipolala tulizungumza mengi, na hayo ni yetu wawili. Ninachoweza kukuambia ni kwamba usiku ule nililala vizuri.

Ndani ya kasha mna nini

Kabla ya kufungua, ni vizuri kujua utakachokikuta. Vitu vikubwa ni vitano tu.

Cha kwanza ni pawa saplai, kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani, ambao ni volti 230, na kuupunguza kuwa volti 12 na chini ya hapo. Cha pili ni mazabodi, ubao mkubwa ambao vitu vingine vyote huchomekwa. Cha tatu ni prosesa, kinachofanya hesabu zote. Hiki hupata joto sana, ndiyo maana juu yake mna bati nene na feni. Cha nne ni rami, vipande vyembamba vinavyoshika kazi unayoifanya sasa hivi, na umeme ukikatika husahau yote. Cha tano ni diski, inayotunza barua, picha na hesabu zako hata kompyuta ikizimwa. Nje ya kasha ongeza kioo, kibodi na kipanya.

Tulilipeleka kasha kwa fundi mjini. Alichomeka pawa saplai nyingine iliyo nzima, na feni ya prosesa ikazunguka. "Mama," akasema, "kilichokufa ni pawa saplai na diski. Vingine vyote ni vizima." Miaka miwili nilikuwa nimefunika kwa kanga kitu ambacho zaidi ya nusu yake ilikuwa hai! Jifunze hapa: kompyuta ikiungua usiitupe wala usiiuze kama chuma chakavu kabla haijapimwa.

Tulichonunua

Tulinunua pawa saplai iliyotumika lakini iliyojaribiwa mbele yetu, diski mpya ya aina ya SSD yenye GB 240, kipande kimoja cha rami cha GB 4 ili pamoja na kile cha zamani ziwe GB 8, na betri ndogo ya duara kama sarafu. Diski tuliagiza Kariakoo, Dar es Salaam, ikaja kwa basi.

Kabla ya kuagiza chochote, andika maneno na namba zilizo kwenye kipande cha zamani, au kipige picha kwa simu. Sisi nusura tuuziwe rami isiyofaa. Yetu ni ya aina ya DDR3, na tuliyoonyeshwa dukani ilikuwa DDR4. Kwa macho zinafanana, lakini pengo lake dogo la chini haliko mahali pamoja, na haiwezi kuingia hata ukiilazimisha. Binti ndiye aliyegundua, kwa sababu alikuwa ameandika kwenye daftari.

Siku ya kuunganisha

Tulichagua Jumamosi mchana. Tulifuta meza ya chakula, tukatandika kitambaa safi cha pamba, tukaweka bisibisi moja ya msalaba na kisahani cha kuwekea skrubu. Kaka yake, mdogo wake kwa mwaka mmoja, alikuja mbio akashika bisibisi. Nami karibu nimwambie binti ashike tochi, maana ndivyo tulivyozoea. Nikajizuia. Nikasema, "Aliyeomba kazi ndiye atakayeifanya. Wewe shika tochi, baadaye mtabadilishana." Mama mwenzangu, tuwe waangalifu. Mara nyingi sisi wenyewe ndio tunaowapa binti zetu tochi.

Haya ndiyo tuliyoyafuata, nawe unaweza kuyafuata:

1. Chomoa waya wa umeme kabisa. Kuzima swichi hakutoshi.

2. Usifungue kamwe kisanduku cha pawa saplai chenyewe. Ndani yake mna vitu vinavyoshika umeme hata baada ya kuchomolewa. Kikifa, nunua kingine.

3. Ondoa vumbi kwa brashi laini ya rangi iliyo mpya na kavu. Kasha letu lilitoa vumbi jekundu la kujaza kijiko.

4. Kabla ya kugusa ubao au rami, gusa kwanza chuma kitupu cha kasha. Mwili wetu hubeba umeme mdogo, hasa wakati wa kiangazi, na huo unaweza kuua kipande bila wewe kuhisi chochote. Shika vipande kwa kingo zake.

5. Ukiondoa bati la prosesa, futa dawa ya zamani iliyokauka, kisha weka dawa mpya kidogo tu, kiasi cha punje ya mchele. Bila dawa hiyo joto halipiti vizuri, na kompyuta itajizima.

6. Kila waya una mahali pake, na vichwa vya nyaya nyingi vimetengenezwa viingie upande mmoja tu. Usilazimishe. Kikikataa, kigeuze.

Ilipofika saa kumi tulichomeka. Feni ikazunguka, taa ikawaka, watoto wakapiga makofi. Lakini kioo kilibaki cheusi. Tukangoja. Cheusi. Baba watoto, ambaye mchana kutwa alijifanya anasoma gazeti, aliliweka chini. Nilimwona binti macho yakimlengalenga, na mimi nikakumbuka kila shilingi iliyokuwa kwenye daftari lile.

"Chomoa," baba yake akasema kwa upole. "Anza mwanzo. Kipi ulichokiweka leo ambacho hakikuwamo?"

Binti akachomoa, akafikiri. "Rami, Baba." Akaitazama kwa tochi. Upande mmoja haukuwa umeingia hadi mwisho. Akaibonyeza kwa vidole gumba viwili mpaka ikalia ka! pande zote mbili. Akachomeka tena. Kioo kikawaka.

Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Tulikaa kimya tukitazama maandishi.

Programu na saa

Kompyuta bila programu ni kama redio bila kituo. Kompyuta nyingi za zamani zilitumia Windows 10, lakini Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na nyingi kati ya mashine hizo haziwezi kupokea Windows 11. Sisi tuliweka Linux Mint, ambayo ni ya bure na halali. Tuliipakua mjini, tukaiweka kwenye flashi ya GB 8. Ndani yake mna LibreOffice kwa barua na hesabu. Na usidhani Kiswahili ni kigeni humo. Mwaka 2004 wataalamu wa mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice.

Ile betri ndogo nayo usiidharau. Ikifa, kila unapowasha, kompyuta hudhani ni miaka mingi iliyopita, na kurasa za intaneti hukataa kufunguka. Betri hiyo ni ya volti 3, imeandikwa CR2032, na hubadilishwa kwa dakika moja.

Kinga ni sehemu ya kompyuta

Kitu ghali kuliko vyote daftarini kilikuwa UPS, sanduku lenye betri linaloshika umeme kwa dakika chache unapokatika, ili uhifadhi kazi yako na kuzima taratibu. Halikukusudiwa kufanyia kazi saa nzima. Kama huna uwezo wa kulinunua, pata angalau kile kifaa cha kulinda friji, ambacho hungoja kidogo kabla ya kuruhusu umeme uliorudi upite. Kama bado huwezi hata hicho, basi umeme ukikatika chomoa waya, na usichomeke mpaka utulie. Mimi nilinunua kompyuta bila kinga, na kinga ikanigharimu kompyuta.

Kuhusu LUKU usiogope. Kompyuta ya mezani na kioo chake zikila wati 100 kwa saa 3 kila siku, kwa siku 30 ni uniti 9.

Yetu tumeiweka sebuleni, kioo kikitazama mlango, ili kila apitaye aone kinachosomwa. Usiku hufunikwa kwa kitambaa, lakini tu ikiwa imezimwa na kupoa. Watoto husoma vitabu vya shule ambavyo Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka katika maktaba mtandao yake. Mimi naandika hesabu za kikoba chetu, na wanachama wakitaka kujua michango yao huziona bila kungoja.

Mama mwenzangu, sikuambii ukope ili ununue kompyuta. Anza na ulichonacho, na kumbuka kupima kabla ya kutupa. Mpe binti yako bisibisi, na andika kila shilingi mahali ambapo mwenzako anaweza kusoma. Daftari letu bado liko kwenye droo ya meza ile. Bei ya kompyuta ya kwanza iko kwenye mstari wa kwanza, kwa mwandiko wa binti yangu.