Chombo Kingojacho Juu ya Maji

Visiwani Maldivi, katika Bahari ya Hindi, wageni wapendao kupiga mbizi hupelekwa baharini kwa dhoni, chombo ambacho mafundi wa huko walikiunda tangu kale kwa mbao za mnazi. Zamani kilikwenda kwa tanga. Siku hizi huendeshwa kwa injini ya dizeli, na mitungi ya hewa hupangwa kwa safu kandokando ya sitaha.

Mara nyingi chombo hicho hakitiwi nanga. Wapiga mbizi huchukuliwa na mkondo upitao kati ya miamba, naye nahodha huyafuata mapovu yao polepole, mpaka waibuke mbali na pale waliposhukia.

Lakini kufuata peke yake hakutoshi. Sharti watu wahesabiwe. Tarehe 25 Januari 1998, mashua moja ya wapiga mbizi nchini Australia iliondoka kwenye miamba ya matumbawe ikawaacha Tom na Eileen Lonergan, mume na mke kutoka Marekani. Hesabu ilikosewa, na siku mbili zikapita kabla ya kugunduliwa kwamba hawapo. Hawakuonekana tena.

Askari ajua kwa nini majina huitwa kabla ya kikosi kuondoka. Basi na mzazi apandaye mashua na watoto wake, ziwani au baharini, awahesabu wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Injini ikiharibika hutengenezwa. Aliyesahauliwa majini harudishwi na majuto.