TAIRI HUNUNULIWA OFISINI, LAWAMA HUPEWA DEREVA

Ndugu wafanyakazi,

Ajali ya gari inapotokea, swali la kwanza huwa: dereva alikuwa nani? Sisi twasema liko swali jingine, la kuulizwa kabla gari halijatoka: tairi hizi zilinunuliwa na nani, na mbona si za kipimo kimoja?

Sisi wa Nyakabuye twaijua miteremko. Juu yetu iko milima inayopakana na msitu wa Nyungwe, na mashamba ya chai. Chini liko bonde la Bugarama, sehemu ya chini kuliko zote katika Rwanda, lenye mpunga na kiwanda cha saruji. Ateremkaye huko hutegemea breki njia nzima. Na magari mengi yanayotubeba ni ya zamani, yaliyokwisha kutumika katika nchi nyingine kabla ya kufika kwetu.

Mengi kati ya hayo yana breki za ABS. Kampuni ya Bosch ilizileta katika magari ya Mercedes-Benz mwaka 1978, kisha zikaenea. Kazi yake ni kuzuia gurudumu lisijifunge dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Gurudumu likijifunga, gari huteleza na usukani hausikii tena. Karibu na gurudumu kuna kifaa kinachohesabu meno ya pete inayozunguka pamoja nalo, na hesabu hiyo hupelekwa kwenye kompyuta ndogo ya gari. Kompyuta ikiona gurudumu moja linazunguka polepole kuliko mengine, hujua linataka kujifunga, hivyo hulilegezea breki.

Lakini kompyuta haioni tairi, yahesabu meno tu. Tairi kubwa huzunguka mara chache kuliko ndogo katika njia ile ile. Ukifunga kubwa nyuma na ndogo mbele, kompyuta yaweza kudhani magurudumu ya nyuma yanajifunga, ikayapunguzia breki wakati inahitajika. Au itaona hesabu hazipatani, iwashe taa ya ABS na kujizima. Breki ya kawaida hubaki, lakini kinga imekwenda. Na katika magari ya zamani hakuna njia rahisi ya kuifundisha kompyuta kipimo kipya.

Tupige hesabu. Chukua tairi ya 195/70 na ya 195/80, zote za rimu ya inchi 15. Kwa macho zaonekana ndugu. Lakini ya kwanza ina kimo cha milimita 654, ya pili 693. Tofauti ni karibu asilimia 6, na mafundi wengi hushauri isizidi asilimia 3.

Wako wasemao: basi tufunge zote nne kubwa, zipatane. Kweli zitapatana, na ABS huenda isilalamike. Lakini kipima mwendo kitadanganya: kikionyesha 60, gari laenda karibu 64. Tangu mwaka 2015 sheria yetu inataka magari ya abiria yawe na kidhibiti mwendo cha kilomita 60 kwa saa. Tairi kubwa huweza kumdanganya hata mlinzi huyo. Tena tairi kubwa ni nzito, na breki ni zile zile zilizotengenezwa kwa tairi ndogo.

Mwajiri atajibu kwamba tairi ni ghali, na kilichopatikana ndicho kilichofungwa. Ni ghali, twakubali. Lakini dereva hakupewa fedha za kununua wala hakuulizwa kipimo. Alipewa ufunguo tu. Akikataa huitwa mvivu. Akikubali na gari likateleza, huitwa mzembe. Nao wachuma chai na wabeba saruji waliokaa nyuma yake hawakuulizwa lolote.

Kwa hiyo twadai haya. Kwanza, gari la wafanyakazi lifungwe tairi za kipimo kilichoandikwa na kiwanda kwenye kibandiko cha mlango. Pili, taa ya ABS ikiwaka gari lipelekwe kwa fundi, wala balbu ising'olewe ili kuificha. Tatu, mjumbe wa wafanyakazi aonyeshwe daftari la matengenezo. Nne, dereva anayekataa gari bovu asiadhibiwe. Hili la mwisho si ndoto yetu: Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, wataka mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki, alindwe.

Ndugu, kipimo cha tairi kimeandikwa ubavuni mwake, na kila aliyesoma shule ya msingi aweza kukisoma. Kabla ya kupanda, zisomeni zote nne. Zisipolingana, mwiteni mjumbe leo, msingoje kumwita dereva mzembe kesho.

Umoja ni nguvu.