Malezi ya Vijana: Kujifunza Kusema na Kujifunza Kusikia

Katika shule nyingi za bweni za Meru na Embu iko saa moja katika juma ambayo vitabu vya hesabu hufungwa na madawati hupangwa upya, nusu yakielekea nusu. Mwanafunzi mmoja huketi mbele, naye ndiye mwenyekiti. Karani wake huandika kumbukumbu katika daftari, na mwingine huangalia saa. Hoja husomwa, labda ya kwamba kazi ya shamba ina faida kuliko kazi ya ofisi. Wasemaji wawili huitetea na wawili huipinga, kisha walioketi hupewa nafasi, na mwisho kura hupigwa. Hiki ndicho chama cha mdahalo.

Wako wazazi wanaoona kwamba saa hiyo hupotea bure. Mtu aliyeuza kahawa yake ili alipe karo hutaka kusikia habari za mtihani, si habari za mtoto aliyesimama kubishana na wenzake. Tena huogopa kwamba mtoto atarudi nyumbani na ulimi mrefu, awajibu wazee wake bila adabu. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Lakini yafaa mzazi aangalie vizuri jambo linalofundishwa pale.

Kwanza, msemaji hasemi mpaka mwenyekiti ampe ruhusa. Pili, husema na mwenyekiti, wala hamgeukii mpinzani wake kumtukana. Tatu, saa ikigonga huketi, hata kama neno lake tamu lingali kinywani. Na la nne ndilo kubwa kuliko yote: mara nyingi mwalimu humpa mwanafunzi upande asioupenda, akamwambia autetee. Kijana anayeamini kwamba shamba ni bora hulazimika kutafuta sababu zote nzuri za ofisi. Akimaliza kazi hiyo, huenda asibadili fikira zake, lakini hatasema tena kwamba kila asiyekubaliana naye ni mpumbavu. Hayo si mafunzo ya ulimi mrefu, bali ya ulimi wenye hatamu.

Faida yake huonekana miaka mingi baadaye, katika mkutano wa mwaka wa chama cha ushirika. Mahesabu husomwa upesi, na wanachama mia hukaa kimya. Huenda mmoja wao ameona kwamba jumla haipatani na kilo zilizopimwa, lakini hajui namna ya kusimama, kutaja ukurasa na kuuliza kwa heshima. Basi hunyamaza, kisha hunung'unika njiani akirudi kwake. Manung'uniko ya njiani hayajawahi kurekebisha hesabu hata moja.

Nchi hizi zimepata kutoa wasemaji. Mwezi Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, mjumbe wa Jimbo la Kati alikuwa Bwana Bernard Mate wa Meru. Mwaka uliofuata aliingia Bwana Jeremiah Nyagah wa Embu. Wote wawili walikuwa walimu, na wote walisoma Alliance na Makerere. Bwana Nyagah alikuwa waziri kwa miaka mingi, na pia aliwaongoza maskauti wa Kenya, chama ambacho mwanzilishi wake, Baden-Powell, amezikwa Nyeri, upande wa pili wa mlima, tangu 1941. Mtu huyo hakuona kwamba kuwafundisha watoto kutimiza ahadi ni kazi ndogo kuliko kazi ya waziri.

Wala haifai kudhani kwamba mambo haya yaliletwa na shule. Wameru wana Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo makao yake makuu yako Nchiru, katika Tigania. Huko mzee hupata sifa kwa kupima neno kabla ya kulitoa. Lakini hata baraza lenye hekima hukosa kitu likiwa wale ambao habari yao inaamuliwa hawamo ndani. Mwaka 1956, serikali ya kikoloni ikihimiza, Njuri Ncheke ilipiga marufuku tohara ya wasichana katika Meru. Nia yaweza kusifiwa, lakini wasichana hawakuulizwa wala hawakuelezwa. Wengi walijitahiri wenyewe kwa wenyewe, wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka 3 iliyofuata, watu zaidi ya 2,400, wasichana pamoja na wanaume na wanawake, walishtakiwa kwa kuvunja amri ile. Neno lililoamuliwa pasipo kusikilizana lilizaa ukaidi.

Liko jambo jingine, zito zaidi, ambalo Meru haitalisahau. Mwezi Julai 1991, katika Shule ya Sekondari ya St. Kizito, iliyokuwa ya wavulana na wasichana, wavulana walitaka kufanya mgomo kwa sababu ya mambo ya michezo. Wasichana walikataa kujiunga nao. Usiku wa tarehe 13 wavulana walivamia bweni ambalo wasichana walikuwa wamejificha. Wasichana 19 walikufa, wengi kwa kubanwa na kukosa pumzi, na wengine wengi walinajisiwa.

Haiwezi kusemwa kwamba chama cha mdahalo kingalizuia uovu ule, kwa maana ovu la namna ile lina mizizi mingi, na aliyelitenda ndiye mwenye lawama. Lakini tazama jinsi lilivyoanza. Palikuwa na lalamiko. Palikuwa na watu waliosema ndiyo na watu waliosema hapana. Katika mdahalo, anayesema hapana ni mpinzani mheshimiwa, na mkutano haukamiliki bila yeye. Usiku ule, waliosema hapana walihesabiwa kuwa adui. Hapo ndipo kipimo cha kweli cha vyama hivi kilipo. Vikombe vilivyopangwa katika kabati ya mwalimu mkuu si kipimo. Wala si kipimo Kiingereza kizuri cha kijana mmoja aliyeshinda wilaya nzima. Ni hivi tu: je, katika shule hii, aliye mdogo au aliye peke yake aweza kusimama na kusema hapana, akasikilizwa mpaka mwisho, akaketi salama?

Kwamba neno laweza kushika mahali pa nguvu, limeonekana papo hapo katika nchi za Meru. Mwaka 1996, huko Gatunga katika Tharaka, familia chache zilianza desturi waliyoiita Ntanira na Mugambo, yaani tohara ya maneno. Wasichana hukaa pamoja kwa siku kadhaa, hufundishwa habari za mwili wao, adabu na wajibu wa mtu mzima, kisha jamaa husherehekea pamoja nao, wala hakuna anayekatwa. Sheria ya Kenya ya kukataza ukeketaji ilikuja baadaye, mwaka 2011. Tofauti ya Gatunga na amri ya 1956 ni kwamba safari hii mama, baba na binti waliketi wakazungumza kwanza.

Basi, walimu wanaosimamia vyama hivi wana kazi ya kuangalia. Chama kikiwa cha wasemaji 6 walio hodari, na wengine 300 wakiwa wa kupiga makofi tu, hakijengi tabia ya shule. Mtoto mwenye kigugumizi apewe dakika zake. Wasichana wapewe uenyekiti, si kumwaga chai tu siku ya wageni. Na hoja zisiwe za mambo ya mbali peke yake. Chakula cha bwalo na sheria za bweni zijadiliwe pia, na mwalimu mkuu alete majibu, hata kama jibu ni la kukataa pamoja na sababu zake. Mwanafunzi akiona kwamba maneno hayafiki popote, ataacha kuyatumia, na kitakachofuata kila mtu anakijua.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto akirudi likizo, baba amwulize juu ya hoja waliyojadili, kisha amwulize mpinzani wake alisema nini. Akiweza kueleza vizuri maneno ya yule aliyempinga, karo haikupotea. Na siku mtoto huyo atakapoleta maneno yake mbele ya baba kwa adabu, akimwomba afikiri tena juu ya jambo la nyumbani, baba naye amsikilize mpaka mwisho. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wazee. Lakini asiyepewa nafasi ya kutembea hajui atakapojikwaa.