Jina Moja na Vivumishi Vinne

Mwenye duka ana haki ya kuisifu bidhaa yake mpya. Hana haki ya kuisifu kwa kuisingizia kuukuu. Nalisema neno hili kwa ajili ya manukato ya Italia yaitwayo Colonia, yaliyotolewa na nyumba ya Acqua di Parma, mjini Parma, mwaka 1916. Pengine msomaji atauliza manukato yana shughuli gani katika jarida la fasihi. Jibu langu ni fupi: ugomvi huu si wa pua, ni wa maneno.

Colonia ni mchanganyiko wa bergamoti, limau na chungwa, unaofuatwa na lavenda, rozimari na waridi. Na chini ya hayo yote imo harufu ya miti, lakini ni ya upole. Uzuri wake u katika mwanzo. Bergamoti, tunda lililozaliwa na mdanzi na mlimau, hutoka zaidi katika ukanda mwembamba wa pwani ya Calabria, na mafuta yake hukamuliwa katika ganda. Mafuta ya namna hii ni mepesi, nayo huruka upesi kutoka ngozini. Harufu yake huingia kama upepo wa asubuhi katika dirisha lililofunguliwa, kisha huondoka. Ajipakaye hujipaka tena adhuhuri, wala haoni kwamba amepunjwa.

Mwaka 2003 ikaja Colonia Assoluta. Mwaka 2007 Colonia Intensa. Mwaka 2010 Colonia Essenza. Mwaka 2017 Colonia Pura. Kila moja ililetwa kwetu kuwa ni sura mpya ya ile ya kale. Basi na tuyapime maneno kama tupimavyo maneno ya mshairi. Assoluta maana yake ni kamili pasipo mpaka. Je, ya kwanza ilikuwa pungufu? Intensa ni yenye nguvu. Je, ya kwanza ilikuwa dhaifu? Essenza ni kiini. Je, tulikuwa tumepewa ganda tupu? Pura ni safi. Je, ilikuwa chafu? Mzee ametimiza miaka 101 ndipo mjukuu wake akasimama sokoni na kujitangaza kuwa yeye ndiye msafi wa ukoo!

Nitazame Intensa peke yake. Ndani yake mna tangawizi, iliki, mwerezi, pachuli na harufu ya ngozi iliyotengenezwa. Sisemi kwamba ni mbaya. Ni manukato mazuri, na ayapendaye ayanunue. Lakini bergamoti humo imefanywa bawabu: hukupokea mlangoni, na wenye nyumba ni wengine. Yaliyoongezwa ni mazito, nayo hukaa ngozini kwa muda mrefu. Hivyo kilichotiwa nguvu si chungwa. Ni kila kisichokuwa chungwa.

Naijua hoja ya kwanza ya wapinzani wangu: kwamba hapana cha kale kisichobadilika. Ni kweli. Mwaka ule ule wa 1916 daktari aliyeitwa Freund alieleza madoa meusi katika ngozi za watu waliojipaka maji ya Köln, kisha wakaota jua. Kisababishi chake ni bergapteni iliyomo katika bergamoti, na leo mafuta hayo aghalabu huondolewa bergapteni kabla ya kutiwa katika manukato. Mabadiliko hayo nayakubali kwa mikono miwili, maana ni ya kumlinda mtumiaji. Nani angetaka doa kwa heshima ya mila?

Hoja ya pili ina makali zaidi: kwamba Colonia yenyewe ni mrithi, maana Mwitalia Giovanni Maria Farina alikuwa ametengeneza maji yake mjini Köln tangu mwanzo wa karne ya 18. Hili pia ni kweli, nalo lanisaidia mimi. Colonia ilichukua jina la aina, kama kila utenzi uitwavyo utenzi; haikujiita Farina Safi, wala Farina Kamili. Ilirithi bila ya kumsuta mrithiwa.

Hoja ya tatu husema kwamba ya kale bado yauzwa, basi hapana aliyedhulumiwa. Hapa ndipo hatari ilipo. Kijana aanzaye kwa Intensa, kisha akaionja Colonia, atasema kwamba hii imekufa mapema. Atakipima kitu cha asubuhi kwa idadi ya saa, kwa sababu kivumishi kimekwisha kumfundisha kwamba nguvu ndiyo sifa. Chupa ya kale itabaki dukani, lakini kipimo chake kitakuwa kimeibwa.

Nasi watu wa fasihi tusicheke, maana kosa hili li mlangoni petu. Mhariri asahihishaye kosa la mnukuzi katika utenzi wa kale, akaeleza alichosahihisha, amefanya kazi ya yule aliyeondoa bergapteni. Mtunzi aichukuaye hadithi ya kale na kuitunga upya kwa jina lake naye ni mtu huru. Wa tatu ndiye nimshtakiye: huandika kazi nyingine, huibandika jina la ile ya kwanza, kisha huongeza juu yake neno "kamili". Mwanafunzi aanzaye kwa huyo, akifika kwa mtunzi wa kwanza, atadhani ana upungufu.

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Sikikatai kipya, wala simnyimi mtu unyemi wake. Nadai jambo moja, nalo halina gharama: mtoto na apewe jina lake mwenyewe. Akiwa mwema, litang'ara bila ya kumfifiza mzazi.