Mhandisi na Daktari Wakae Meza Moja

Katika ofisi zetu kila kazi ina jalada lake: umeme huku, afya kule. Utaratibu huo hurahisisha uandishi wa taarifa, lakini maradhi hayafuati majalada.

Tumtazame Wilson Greatbatch wa Marekani, aliyefundisha uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Buffalo. Katika miaka ya 1950 mitambo ya kuongoza mapigo ya moyo ilikuwa masanduku makubwa yaliyotegemea umeme wa ukutani. Siku moja, akiunda chombo cha kunasa sauti za moyo, Greatbatch alifunga kimakosa kipande kisicho na kipimo sahihi. Chombo kikapiga, kikatulia, kikapiga tena, mithili ya moyo wenyewe. Transista, ambayo ilikuwa ingali ngeni, ikamwezesha kukifanya kidogo kiasi cha kuwekwa mwilini.

Ugunduzi huo ungebaki mezani lau asingeupeleka kwa daktari mpasuaji, William Chardack. Walikijaribu kwa mbwa Mei 1958, na mwaka 1960 wakaanza kuwawekea wagonjwa. Nchini Sweden nako, mhandisi Rune Elmqvist na daktari Åke Senning walikuwa wamemwekea mtu kifaa chao Oktoba 1958. Kote kuwili, fani mbili zilishikana mikono.

Hata hivyo, betri za zebaki zilidumu kama miaka miwili tu, kisha mgonjwa akarudi kwenye kisu. Ndipo Greatbatch alipogeukia nishati. Betri za lithiamu na iodini, zilizoanza kuwekwa kwa wagonjwa mwaka 1972, zilidumu miaka mingi zaidi. Elektroniki, nishati na afya zikawa kazi moja.

Lakini vifaa vya kwanza alivitengeneza bandani kwake, kwa akiba yake ya dola 2,000. Taifa haliwezi kuutegemeza utafiti wake juu ya akiba ya mtu binafsi.

Leo vifaa vya aina hiyo huwekwa hapa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Hilo ni jambo la kujivunia, ila tusiridhike kuwa wanunuzi daima. Wanaogawa fedha za utafiti wasimwulize mhandisi hospitali inamhusu nini. Walimu nao wasifundishe fizikia na baiolojia kama nchi mbili zenye mpaka. Mhandisi asipoijua wodi, na daktari asipoijua karakana, watakaoumia ni wananchi.