Mgonjwa Hajaua Mfuko wa Bima

Simama Goba Njia Nne, Dar es Salaam, jioni, uwaulize bodaboda, mama lishe na mafundi wanaosubiri daladala. Wengi watakuambia kwamba anayekata bima akiwa tayari anaumwa ni mjanja, anakula michango ya wazima, na watu wa namna hiyo ndio wanaoua mifuko ya bima. Nimeyasikia maneno haya hata kwa wasomi, tena yakisemwa kwa uhakika mkubwa. Ni uongo wa kihesabu, na ni ukatili kwa watu ambao kosa lao pekee ni kuumwa.

Imani hii ilipata nguvu Machi 2023, pale Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliposimamisha usajili wa mtoto mmoja mmoja kwenye Toto Afya Kadi. Mzazi alikuwa akilipa shilingi 50,400 kwa mwaka na mtoto anatibiwa. Mfuko ukaeleza kuwa wengi waliosajiliwa walikuwa tayari wagonjwa, kwamba matumizi yameizidi michango kwa mbali, na kwamba watoto sasa waandikishwe kupitia shule au vifurushi vya familia. Mtaani maelezo hayo yakageuka kuwa lawama kwa wazazi.

Hebu mtazame mzazi mwenyewe. Nchini mwetu huzaliwa kila mwaka watoto wapatao 11,000 wenye selimundu. Mama wa Kinzudi, hukohuko Goba, anaambiwa mwanawe ni mmoja wao, au ana tundu kwenye moyo, anahangaika hadi anapata 50,400, anakata kadi. Alipaswa kufanya nini kingine? Kadi ilirudishwa baadaye. Lawama hazijaondoka.

Kilichouangusha mpango ule ni hiari. Bima ikiachwa kuwa ya anayetaka, mwenye shida ndiye atakayewahi dirishani, na mzima ataendelea kununua mifuko ya saruji amalizie nyumba yake. Hilo lilijulikana tangu mwanzo na kila anayefanya kazi ya bima, kwa hiyo kumgeuzia mama kibao leo ni kumbebesha mzigo wa waliopanga.

Sasa mgeukie mtumishi wa umma. Mshahara wake unakatwa asilimia 3, mwajiri anaongeza asilimia 3, kadi inatoka. Kisukari chake hakimzuii kuingia. Mwalimu mwenye presha na mwalimu mzima wanachangia kapu moja, wala hatujamsikia mtu akimwita wa kwanza mwizi. Ugonjwa ni uleule: kwa mwenye ajira ni haki yake, kwa muuza genge wa Matosa ni utapeli. Kinachowatofautisha ni hati ya mshahara.

Madhara mabaya zaidi yako maabara. Watu wanashauriana, na wanadhani wanasaidiana: usipime kwanza, kata bima, ngoja kipindi cha kusubiri kiishe, ndipo upime. Maana fomu za kampuni nyingi binafsi zinauliza umewahi kuugua nini, na jibu la kweli linaweza kukupandishia bei au kukufungia mlango. Presha na kisukari huanza kimyakimya. Anayevikimbia vipimo miaka miwili huenda akafikishwa hospitali na kiharusi, au na figo zilizokufa, na kusafishwa damu kunahitajika mara mbili au tatu kila wiki. Vidonge vya presha ni rahisi mno kuliko hayo. Bima iliyomtisha mtu asipime ndiyo itakayolipa, au familia itauza kiwanja.

Tunajua Watanzania hupima wakiona faida. Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe Mama Salma walipima virusi vya Ukimwi hadharani, na kampeni ikasambaa nchi nzima. Waliojitokeza waliahidiwa siri na kuelekezwa kwenye dawa za bure. Mwaka uliofuata sheria ya Ukimwi ikailinda siri hiyo ya majibu. Kwa nini majibu ya sukari yapigiwe kelele dirishani, au yarushwe WhatsApp kwa picha? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na ninataka kuona inatumika hadi kwenye zahanati ndogo za uswahilini.

Wapo wadanganyifu, sikatai. Kuna kadi zinazoazimishwa kwa mashemeji na vituo vinavyoandika huduma ambazo hazikutolewa. NHIF yenyewe imelalamikia hayo mara nyingi. Hao wafikishwe mahakamani. Mtu aliyepimwa, akakutwa na ugonjwa, kisha akaja na fedha yake mkononi kuomba kuchangia, hayumo kwenye kundi hilo.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na ndani yake mna utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo. Basi wazima waingizwe, wakiwemo bodaboda wa Njia Nne wanaojiona hawahitaji. Mchango wa mgonjwa ulingane na wa jirani yake, na swali la umewahi kuugua nini lifutwe kwenye kila fomu ya kujiunga, liulizwe na daktari peke yake, mlango ukiwa umefungwa.